Noah inachemsha kupanda Lushoto, fundi anataka kufungua hedi kesho. Nimruhusu?

Binti wa Bunju

Wakuu, habari za mchana. Naandika nikiwa Lushoto, kwenye baraza ya nyumba ya wageni, gari liko mbele yangu boneti limefunguliwa. Wenzangu wamekwenda Irente, kwenye ukingo wa mlima karibu na mji, kuangalia bonde kutoka juu, mimi nimebaki kwa sababu lazima nimpe fundi jibu kabla ya jioni. Naombeni mnisome hadi mwisho. Nimejaribu kueleza kila kitu nilichokiona ili msihangaike kuniuliza.

Gari ni Noah Voxy ya 2003, injini ya 1AZ, otomatiki. Tulitoka Bunju jana Jumamosi alfajiri tukiwa watu saba na mizigo, tukapita Bagamoyo, Msata, Mkata, Segera, Korogwe hadi Mombo. Sisi wote tulisoma Korogwe Girls, na tangu tumalize huwa tunachanga kidogo kidogo kwenye kikundi ili tupate kutoka pamoja. Mwaka huu Saba Saba imeangukia Jumatatu, tukaona siku tatu hizi tusiziache. Mmoja wetu ni mjamzito wa miezi sita, na ndiye aliyeomba Lushoto kwa ajili ya ubaridi. Ndiyo maana suala hili limenikaa moyoni kuliko kawaida: watu hawa wamepanda gari langu.

Njia nzima ya tambarare gari lilikuwa zuri. Alfajiri kati ya Msata na Mkata mshale wa joto ulikuwa chini, kama robo hivi, haufiki pale katikati ninapouzoea. Mombo tulikula, tukaanza kupanda kwenye saa nane, jua kali, AC inafanya kazi. Kabla hatujafika Soni mshale ukaanza kupanda, na ndani ya kona chache ukawa umekaribia H, ile alama ya moto kupita kiasi. Nikatafuta sehemu pana nikasimama. Mnaoijua barabara ile mnajua sehemu pana si nyingi, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo.

Vijana wawili wa bodaboda walikuja mara moja. Mmoja akaweka mawe nyuma ya matairi, mwingine akakata matawi akayapanga barabarani nyuma na mbele yetu, kona ya chini na kona ya juu. Maji yalikuwa yanabubujika kwenye chupa ya akiba na kumwagika chini ya gari. Rafiki yangu alitaka kufungua mfuniko wa rejeta, kijana wa bodaboda akamshika mkono, akamwambia "Dada, hapo utaungua uso." Tukasubiri hadi hozi ya juu ikawa ya kushikika kwa mkono, ndipo nikafungua kwa kitambaa. Rejeta ilikuwa imepungua sana, lakini chupa ya akiba ilikuwa imejaa. Nikaongeza maji ya kunywa ya chupa. Feni zote mbili zilikuwa zinazunguka, nimehakikisha kwa macho.

Wenzangu wakapanda Hiace hadi Lushoto. Mimi nikapanda peke yangu taratibu, AC imezimwa, hita imefunguliwa hadi mwisho ili itoe joto la injini, madirisha wazi. Mshale ulipanda tena lakini haukufika H. Nilipoingia mjini, barabara ilipolala, ukashuka hadi robo. Usiku nilipowasha hita nipate joto kidogo ilitoa upepo wa uvuguvugu tu.

Leo asubuhi mlinzi wa hapa amemleta fundi. Kaniambia niwashe, akaangalia ekzosi, akaona moshi mweupe, akasema hapohapo: hedi gasketi imekwenda, yaani kile kizibo kilicho kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku. Anataka 650,000, hedi ipelekwe kupigwa skimu (kusawazishwa uso wake), gari libaki kama siku nne. Hakuchomoa kijiti cha oili, hakufungua rejeta. Sisemi hajui kazi, ila ninavyoona, uamuzi mkubwa kama ule unahitaji zaidi ya kutazama bomba la ekzosi.

Maswali yangu ni haya. Je, moshi mweupe pekee unatosha kusema gasketi imeungua? Kuna vipimo ninavyoweza kufanya mwenyewe hapa bila mashine? Na kesho nikiamua kurudi nalo Dar, ni hatari kiasi gani?

Mzee wa Spana

Binti, pole na safari. Mimi ni fundi, niko Moshi, na magari yanayochemsha milimani ndiyo yananilisha. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaokuja gereji, kwa hiyo tusiharakishe.

Kwanza usimruhusu mtu afungue hedi leo. Hedi ikishafunguliwa utalipa hata kama ugonjwa ulikuwa kwingine. Kuna mambo manne uliyoyaandika ambayo fundi aliyekuja hakuyauliza: mshale ulikuwa robo alfajiri kwenye tambarare, ulipanda mlimani tu, ukarudi robo ulipofika mjini, na hita yako inatoa uvuguvugu. Gari lenye gasketi iliyoungua kwa kawaida haliwi na baridi kupita kiasi saa kumi na moja alfajiri halafu likachemsha saa nane mchana. Gari la namna hiyo mara nyingi huchemsha hata tambarare, na kila siku linazidi.

Sasa nijibu. Je, katika miezi ya karibuni kuna fundi aliyegusa mfumo wa maji? Hozi, rejeta, pampu, chochote. Na kama aligusa, alisema nini kuhusu themostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto?

Wakati unanijibu, nenda kachomoe kijiti cha oili na ufungue mfuniko wa oili pale juu ya injini. Tafuta utelezi wa rangi ya chai ya maziwa, ndiyo dalili ya maji kuingia kwenye oili. Niambie ulichoona.

Abuu wa Singida

Dada, mimi nasimama upande wa fundi wa hapo. Gari langu lilichemsha kwenye mlima wa Sekenke, nikaambiwa kama wewe, "jaza maji, nenda taratibu." Nikaenda taratibu. Nilipofika Nzega injini ilikuwa imekufa, hedi imepinda, pistoni zimekwama, nikaja kununua injini nzima ya mtumba. Siku nne za kusubiri Lushoto ni nafuu kuliko injini. Mjamzito mpandishe basi, gari lifunguliwe lijulikane moja. Sipendi kuona mtu mwingine akipitia nilichopitia mimi, ndiyo maana nasema kwa nguvu.

Kijana wa Magamba

Karibu kwetu dada. Mimi ni Msambaa wa hapahapa, kwetu ni juu kidogo ya mji, njia ya Magamba.

Nina jambo moja tu kuhusu moshi. Mwezi huu wa saba, asubuhi hapa Lushoto hata mtu akipumua unaona mvuke. Kila gari linalowashwa alfajiri linatoa moshi mweupe, la jirani, la polisi, la padri. Ni unyevu wa kwenye bomba unaotoka ukikutana na baridi. Ukiwasha ukaacha dakika kadhaa hadi ekzosi ipate joto, mvuke unakatika. Ule wa gasketi haukatiki, unazidi gari linavyopata moto, na una harufu ya utamu wa kulanti, yale maji ya rangi ya kupozea injini. Kwa hiyo kabla hamjakubaliana hedi, washa sasa hivi mchana huu, subiri injini ipate joto, halafu utazame tena.

Fundi aliyekuja simjui na simsemi vibaya. Lakini kama hakusubiri gari lipate moto, alichokiona kinaonekana kwenye magari yote ya mji huu.

Spea ukihitaji niambie mapema. Hapa mjini kuna maduka ila za 1AZ si zote. Korogwe utapata, na makondakta wa asubuhi wanaleta mzigo bila shida.

Binti wa Bunju

Asanteni sana. Najibu yote.

Oili: kijiti ni kisafi, oili ni nyeusi ya kawaida, chini ya mfuniko hakuna chochote cha rangi ya maziwa. Nimepiga picha nikamwonyesha na rafiki yangu ambaye baba yake ana malori, naye kasema ni oili nzima.

Moshi: nimewasha saa hii, jua limetoka. Dakika za mwanzo hakuna kitu cha maana. Nimeacha injini hadi feni ikajiwasha yenyewe, nikakaa nyuma ya ekzosi, hakuna moshi. Nimenusa, ni harufu ya ekzosi tu.

Fundi aliyegusa: ndiyo. Mwezi wa tano hozi ya chini ilikuwa inavuja, nikaipeleka gereji moja Dar. Fundi akabadilisha hozi, na nakumbuka vizuri maneno yake: "Nimekutolea na themostati, hii ni ya nchi za baridi, huku inaziba maji tu." Sikumuomba aitoe. Tangu hapo gari linakawia kupata joto asubuhi, na mafuta naona yanakwenda haraka zaidi, nilikuwa nadhani ni foleni.

Mzee, swali lako lilienda moja kwa moja huko. Umejuaje?

Mzee wa Spana

Nimejua kwa ule mshale wa robo na hita ya uvuguvugu. Bila themostati injini haina mlango, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, kwenye ubaridi haipati joto lake. Watu wengi wanafurahi wakiona mshale uko chini.

Sasa acha nieleze kwa nini hiyo hiyo inakuchemshia mlimani, maana hapa ndipo mafundi wetu wengi wanapokosea na mimi limenikera miaka yote. Wanadhani themostati ni kizibo tu, ukikitoa maji yatapita mengi zaidi. Kwenye injini nyingi za Toyota, hii yako ikiwamo, themostati ina kazi mbili. Upande wa juu unafungua njia ya kutoka rejeta. Upande wa chini una kisahani ambacho, injini ikipata moto, kinaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi daima. Tambarare huoni shida, kwa sababu injini haizalishi joto jingi. Ukibeba watu saba na AC, ukapanda kutoka Mombo kwenye mita mia nne na kitu hadi Lushoto kwenye kama mita 1,400, ndani ya kilomita 33 tu, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Feni zinazunguka, rejeta ni nzima, na gari linachemsha.

La pili ni mfuniko wa rejeta. Umesema rejeta ilipungua huku chupa ya akiba imejaa. Mfuniko mzima unafanya mambo mawili: unabana maji yawe na presha, na gari likipoa unayaruhusu yarudi kutoka kwenye chupa. Wako hauyarudishi. Na kama haubani vizuri, mlimani ni balaa, kwa sababu maji yasiyo na presha yanachemka mapema zaidi kadiri unavyopanda. Hapo ulipo, sufuria ya maji inachemka kwenye kama nyuzi 95, si 100. Mfuniko mzima unayasogeza hadi zaidi ya 115.

Abuu, pole sana na injini yako, na hofu yako ni ya kweli. Gari linalochemsha tambarare, likimaliza maji kila siku, mimi mwenyewe ningelifungua. Lakini hapa tuna sababu mbili zinazoonekana, tena rahisi, na hatuna hata dalili moja ya gasketi. Tuanze na hizo, halafu tupime.

Kipimo cha kesho asubuhi, binti, gari likiwa limelala baridi kabisa. Fungua rejeta, jaza hadi shingoni. Rudisha mfuniko. Minya hozi ya juu kwa mkono, ujue ulaini wake. Mwambie mtu awashe, uendelee kuishika. Ikiwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja, wakati bado ni baridi, huo ni upepo wa silinda unaingia kwenye maji, na hapo Abuu yuko sahihi. Ikibaki laini hadi injini ipate joto, hiyo ni presha ya kawaida. Halafu zima, acha ipoe, rudia mfuniko ukiwa wazi, utazame shingoni. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Mapovu yasiyoisha, mfululizo, ni gasketi.

Usisahau: mfuniko unafunguliwa injini ikiwa baridi tu. Yule kijana wa bodaboda alikuokolea rafiki yako.

Dereva wa Masafa

Naongeza la kushuka maana njia hiyo naipita na lori la mbao. Kushuka Soni hadi Mombo injini haichemshi, kinachochemka ni breki. Usikae kwenye D, gia ya kawaida ya otomatiki, ukikanyaga breki kona baada ya kona. Weka gia ya 2, kona kali zaidi weka L (gia ya chini kabisa), injini ikushikilie. Breki ikanyage kwa nguvu kiasi kisha uiachie, usiiweke mguu muda wote. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua, simama palipo pana uziache zipoe, usizimwagie maji.

Na watu wapunguze. Hata kama gari limepona, mjamzito na wawili wengine washuke na Coaster hadi Mombo, wakukute hapo. Gari jepesi linakusamehe mengi. Tena tokeni Lushoto mapema, siku ya sikukuu ikiisha jioni kila mtu yuko barabarani na ukungu wa juu ukishuka huoni kona.

Kijana wa Magamba

Dada, nimezungumza na duka moja Korogwe ninalolijua. Themostati ya 1AZ wanayo, mpya, imeandikwa 82, yaani nyuzi joto inapoanza kufunguka, pamoja na mpira wake wa duara. Mfuniko wa rejeta wanao wa presha ya 0.9 na wa 1.1. Soma namba iliyopigwa juu ya mfuniko wako unipe, usichukue mwingine. Nikiwapigia usiku huu, gari la kwanza la asubuhi linaleta, tutapokea stendi kabla ya saa tatu. Kufunga, kuna kaka yetu hapa ana spana na subira, na atafanya mbele ya macho yako. Bei mtaelewana wenyewe, mimi sichukui kitu.

Binti wa Bunju

Mfuniko umeandikwa 1.1. Tena nikiuangalia vizuri, mpira wa chini umepasuka upande mmoja, unainuka ukiugusa kwa kucha. Kijana wa Magamba, sina la kukulipa kwa moyo huu. Nimekutumia ujumbe.

Abuu, nimekusoma mara mbili. Kesho hozi ikiwa ngumu gari halitoki hapa, nakuahidi.

Binti wa Bunju

Wakuu, ni Jumatatu saa nne asubuhi. Naandika haraka.

Nimeamka kabla ya jua. Baridi ya hapa inaingia hadi kwenye mifupa, boneti lilikuwa na umande kama limemwagiwa maji. Nimejaza rejeta, nimefunga, nimeishika hozi ya juu, rafiki yangu akawasha. Dakika ya kwanza laini. Dakika ya pili laini. Nimekaa na mkono pale hadi hozi ikaanza kupata joto, bado inaminyika. Ekzosi ilikuwa inatoa moshi mweupe mwingi tu, kama alivyosema Kijana wa Magamba, na ulipofika wakati injini imechangamka ukakatika wote. Nikazima, tukanywa chai na viazi, ikapoa, nikarudia mfuniko ukiwa wazi. Mapovu makubwa mawili matatu, halafu maji yakatulia kimya.

Themostati imefika na Coaster ya kwanza. Kabla ya kufungwa, kaka aliyeletwa na Kijana wa Magamba alituomba sufuria jikoni. Mama wa jikoni alishangaa lakini akatupa. Tukaitundika themostati kwa uzi, ikaelea katikati isiguse chini, tukawasha jiko. Wote saba tulisimama pale. Maji yalianza kutoa moshi, bado imefunga. Yalipoanza kutoa vipovu vidogo pembeni, ile sahani ikainuka polepole kabisa, na kabla maji hayajachemka ilikuwa wazi kamili, na kile kisahani cha chini kimesukumwa mbele. Hapo ndipo maelezo ya Mzee ya njia ya mkato yaliponiingia kichwani, kwa sababu nimekiona kwa macho yangu kikitembea. Tukaitoa, ikajifunga yenyewe ilipopoa.

Amefungua pale hozi ya chini inapoingilia kwenye injini. Ndani patupu, hakuna kitu, ni mpira wa zamani tu umebaki umekauka. Ameweka mpya, kile kijipini kidogo kinachocheza akakiweka upande wa juu, akasema ndipo hewa inapotokea. Kisha akalisogeza gari kwenye mwinuko pua ikae juu, hita imefunguliwa moto kabisa, injini inaunguruma, mfuniko wazi, akawa anaongeza maji kila yanaposhuka hadi feni zikajiwasha. Hita sasa inatoa moto wa kweli. Mfuniko mpya umefungwa.

Mshale uko katikati. Umesimama hapo.

Swali moja tu kabla hatujaondoka. Nataka nilipandishe kidogo hapahapa nione kabla ya kushuka. Ni sahihi au nisiliguse?

Mzee wa Spana

Ni sahihi, tena fanya hivyo. Ukiwa na mlima mlangoni, kwa nini usubiri kuchemshiwa Mkata? Panda njia ya Magamba peke yako na huyo kaka, AC wazi, gari lifanye kazi. Lakini usimtegemee mshale peke yake. Geji za magari haya zimetengenezwa zikae katikati kwa nafasi pana ya joto. Ukiona mshale umetoka katikati kwenda juu, hata unene wake tu, injini imeshakuwa ya moto kweli, usisubiri ifike H. Zima AC, fungua hita, tafuta pa kusimama.

Ukirudi, acha ipoe, angalia chupa ya akiba na rejeta. Kama maji hayajapungua na chupa imerudi kwenye alama yake, ondokeni.

Njiani, Mombo simama, Segera simama, Msata simama. Kutazama tu, usifungue rejeta ya moto, tazama chupa ya akiba kwa nje na utazame chini ya gari kama pana matone.

Abuu wa Singida

Hozi kuwa laini na mapovu kutulia, hapo nimekubali. Nenda salama dada. Chukua chupa kadhaa za maji hata hivyo.

Binti wa Bunju

Tumefika Bunju saa mbili usiku, wote wazima, nawashukuru kutoka moyoni.

Tulipanda Magamba hadi kwenye msitu na AC, mshale haukucheza. Kushuka nilimfuata Dereva wa Masafa neno kwa neno: 2 kutoka Soni, L kwenye zile kona za mwamba, na wenzangu watatu walishuka na Coaster. Pale nilipochemsha juzi nilisimama kidogo. Mmoja wa wale vijana alikuwepo, tukampa zawadi yake na ya mwenzake, na tulinunua matunda kwa mama aliyekaa pembeni yao. Korogwe tulipita nje ya geti la shule yetu, tukashuka wote tukapiga picha. Baada ya hapo Segera, Mkata, Msata, chupa ya akiba iko palepale kila tuliposimama.

Kwenye gari tulizungumza suala la fedha. Wenzangu wamesema gharama ya themostati, mfuniko na ufundi itoke kwenye mchango wa kikundi. Nilikataa mwanzo, gari ni langu. Yule mjamzito akaniambia, "Ulibaki na gari ili sisi twende Irente, na ulilala na mawazo yetu." Nikakubali, na nimekubali kwa furaha.

Mzee, limebaki jambo moja. Sasa kwenye mfumo nina kulanti nyekundu ya zamani iliyochanganyika na maji ya kunywa na maji ya bomba la Lushoto. Niache hivyo au nifanye nini?

Mzee wa Spana

Usiache. Wiki hii, gari likiwa baridi, mwaga yote, pitisha maji safi hadi yatoke meupe, halafu weka kulanti na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu. Nyekundu kwa nyekundu, usichanganye na kijani. Maji matupu yanakula alumini, na bloku na hedi ya injini yako ni za alumini. Toa hewa vilevile alivyofanya yule kaka, pua juu, hita wazi. Na fundi yeyote atakayekuambia atoe tena themostati, mchukulie funguo zako.

Kijana wa Magamba

Mkija tena mje mwezi wa kumi na mbili, pichesi ndiyo zinakuwa nyingi. Yule kaka wa spana anasalimia, anasema umesahau mfuniko wako wa zamani kwake.

Binti wa Bunju

Msalimie sana. Aubakize, awaonyeshe watakaokuja na tatizo kama langu, ule mpasuko unaonekana vizuri kwenye mwanga. Mzee, Alhamisi namwaga kulanti, nitaweka hapa picha ya kilichotoka.